Kupima osmosisi kwa kiazi mviringo, na kuiona kwa kitunguu

Kiazi kimoja kikubwa, sukari ya dukani na mizani vinatosha kuonyesha, tena kwa namba, osmosisi, yaani jinsi maji yanavyovuka utando wa seli kwenda upande wenye sukari au chumvi nyingi zaidi. Vifaa si tatizo. Majaribio mengi huharibikia kwenye kutengeneza mmumunyo na kukausha vipande, kwa hiyo tutakaa zaidi hapo.

Utando wa seli una unene wa kama nanomita 7 hadi 8 tu: safu mbili za fosfolipidi (molekuli za aina ya mafuta) zilizopachikwa protini. Maji hupita, mengi yake kwenye vinjia vya protini viitwavyo akuaporini. Ugunduzi wake ulimpa Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Sukari ya kawaida, yaani sukrosi, ina molekuli kubwa na haipiti kirahisi. Ikizidi nje ya seli, maji ndiyo yanayotoka kuifuata. Ukuta wa seli hauchagui. Huruhusu maji na sukari vipite, na kazi yake ni kuishikilia seli isipasuke inapojaa.

Mmumunyo. Pima gramu 68.4 za sukari, iyeyushe katika maji kama mililita 120, kisha mimina kwenye silinda ya kupimia na uongeze maji hadi alama ya mililita 200. Huo ni mmumunyo wa 1.0 M (M ni molari, kipimo cha nguvu ya mmumunyo; kwa sukari hii, 1.0 M ni gramu 342 kwa lita). Usitumbukize sukari kwenye maji ambayo tayari ni mililita 200: sukari nayo inachukua nafasi, utaishia na kama mililita 240, na nguvu ya mmumunyo itakuwa imeshuka hadi karibu 0.83 M.

Andaa glasi tano, kila moja ya kuwekwa mililita 50 za kimiminika na kubaki na nafasi ya vipande. Ya kwanza ni maji matupu. Zinazofuata zipate mililita 10, 20, 30 na 40 za mmumunyo wa 1.0 M, na kila moja ijazwe maji hadi 50. Utakuwa na 0, 0.2, 0.4, 0.6 na 0.8 M. Andika lebo kabla ya kumimina, maana zote zinafanana kwa macho.

Vipande. Menya kiazi kwanza, kwa sababu ganda lake halipitishi maji vizuri. Kata vipande 15 vya sentimita 5 × 1 × 1, vyote kutoka kiazi hicho hicho. Viazi viwili tofauti huwa na sukari na maji kwa viwango tofauti, na kiazi kilichoanza kuchipua huwa kimegeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Futa kila kipande, kipime hadi gramu 0.01, andika, kisha weka vitatu vitatu kwenye glasi vikiwa vimezama kabisa. Funika glasi ili maji yasipungue kwa mvuke. Acha saa 1 hadi 2, muda uleule kwa kila glasi.

Kufuta ndiko kunakoamua kila kitu. Kipande cha vipimo hivyo kina eneo la sentimita za mraba 22 na uzito wa kama gramu 5.3. Maji ya unene wa milimita 0.1 yakibaki juu yake, ni gramu 0.22, yaani asilimia 4 ya uzito wote. Hilo linaweza kugeuza kipande kilichopungua kionekane kimeongezeka. Kiviringishe mara moja juu ya tishu kavu kila upande, bila kukikamua, na ufanye hivyohivyo kabla na baada.

Hesabu. Toa uzito wa mwanzo kwenye uzito wa mwisho, gawanya kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100. Tumia asilimia, si gramu, kwa kuwa vipande havilingani kabisa. Kwa mfano, 5.30 ikiwa 5.46 katika 0.2 M ni +3.0%, 5.26 ikiwa 4.99 katika 0.4 M ni −5.1%. Chora grafu ya asilimia hizo dhidi ya nguvu ya mmumunyo: kwa mfano huu, mstari utakata sifuri karibu na 0.27 M. Hapo maji yanayoingia na yanayotoka yako sawa, ingawa hayajasimama.

Ongeza kipande kilichochemshwa kwenye 0.8 M. Joto limeharibu tando zake, hivyo hakitafuata mwenendo wa vibichi, na ndicho kinachothibitisha kwamba utando ndio unaofanya kazi.

Chumvi tunaiepuka kwenye kipimo hiki. Ikiyeyuka, kila jozi yake ya sodiamu na kloridi hugawanyika kuwa ayoni mbili (chembe zenye chaji ya umeme), kwa hiyo 0.2 M ya chumvi huvuta maji karibu kama 0.4 M ya sukari.

Kwa hadubini chumvi inafaa, kwa kuwa ni ya haraka. Bandua ngozi ya zambarau ya kitunguu chekundu, iweke kwenye slaidi na tone la maji, funika. Dondosha mmumunyo wa chumvi (gramu 5 kwa mililita 100) ukingo mmoja, na uvute maji kwa tishu ukingo wa pili. Ndani ya dakika chache rangi itajikunja mbali na ukuta wa seli, na ukuta utabaki palepale. Rudisha maji safi kwa njia hiyohiyo, na seli zilizo hai zitajaa tena. Zilizokaa mno kwenye chumvi hufa. Utando wake huvuja na rangi husambaa nje.