Uvimbe wa mafuta kwenye utumbo mpana: bonyeza kabla ya kukata

Daktari mwenzangu unayeanza kushika kamera ya utumbo hapa Nairobi, siku moja utakutana nao: uvimbe laini, wa manjano, mara nyingi upande wa kulia wa utumbo mpana. Hiyo huenda ni lipoma, yaani uvimbe wa mafuta. Tulia.

Hatua ya 1: Maandalizi. Siku moja kabla, mgonjwa aache githeri na sukuma wiki. Anywe strungi, maji na supu iliyochujwa, kisha dawa ya kusafisha tumbo. Vidonge vya madini ya chuma aviache wiki nzima kabla. Na aje na mtu, maana baada ya dawa ya usingizi hafai kupanda matatu peke yake.

Hatua ya 2: Bonyeza. Hapa usiwe na haraka. Funga koleo, kile kifaa cha kunyofolea kinachopitishwa ndani ya kamera, sukuma ncha yake taratibu juu ya uvimbe. Lipoma hubonyea kama donge la mandazi lililoumuka. Ukiondoa koleo, kishimo hujaa tena. Sasa fungua koleo, shika utando wa juu uuvute: utanyanyuka kama hema, kwa kuwa mafuta yako chini yake. Ndiyo maana kipande cha juujuu hurudi kutoka maabara na jibu la "utando wa kawaida", na mgonjwa ameshalipa. Ukinyofoa mara kadhaa palepale, mafuta huchungulia. Uvimbe usiobonyea usiuite lipoma kwa kubahatisha.

Hatua ya 3: Ukiwa bado na shaka, omba CT skani. Mafuta husoma chini ya sifuri, takriban -40 hadi -120 kwa kipimo cha Hounsfield, kile cha CT ambacho maji husoma sifuri.

Hatua ya 4: Uamuzi. Iliyo chini ya sm 2 na haina dalili, iache. Mwambie mgonjwa na aliyemsindikiza, kwa Kiswahili chepesi, kwamba hii si saratani. Neno "uvimbe" likifika nyumbani peke yake, watu hawalali.

Kubwa zaidi inaweza kuuma, kutoa damu, au kuvuta utumbo ujiingize ndani ya utumbo. Kitanzi cha umeme cha kukatia uvimbe kitumie kwa hadhari: mafuta hayapitishi umeme vizuri, utajikuta unakanyaga pedali muda mrefu na kutoboa ukuta. Yenye shina, mimi hupenda kuifunga kitanzi cha nailoni shinani ikatike yenyewe. Utumbo ukishajiingiza, mwite daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Na mgonjwa anayetoka damu, ukamkuta na lipoma ya sm 1, usiitupie lawama. Kagua utumbo mpana wote mpaka sekamu, pale unapoanzia.