Tairi gani ufunge kwenye baiskeli ya gia kama njia yako ni nusu lami nusu vumbi, hapa Mwanza

Mwangaluka wakuu. Kila nikipaki baiskeli mjini lazima mtu aniulize mbona tairi ya mbele na ya nyuma hazifanani, wengine wanadhani hela ya pea iliniishia nikaokoteza moja moja. Hapana, nimefanya makusudi, na huu mwongozo ndo jibu langu maana nimechoka kuelezea nikiwa nimesimama juani.

Hatua ya 1: hesabu njia yako kwanza, tairi baadaye

Wengi wanaanza dukani, wanaona tairi ina meno makubwa kama ya trekta wanasema hii ndo ya kiume, wanalipa. We anza na njia. Mi nakaa Buhongwa ndani ndani, natoka kwa vumbi na makorongo mpaka barabara kubwa, alafu lami tupu Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni mpaka mjini. Jumamosi nikipata nafasi natoka kwa upande wa Igoma mpaka Kisesa, naacha lami naingia Bujora na vijiji vya nyuma huko. Ukipiga hesabu ya wiki nzima, kwenye kila kilomita 10 zangu kama 7 ni lami. Nilipoiandika kwenye karatasi nilishangaa, maana kichwani nilikuwa najiona mtu wa porini kabisa.

Andika pia ni vumbi la aina gani, sio vumbi zote ni moja. Kuna luseni, ule mchanga mchanga unaomeza tairi nyembamba. Kuna changarawe ndogo zimelala juu ya udongo mgumu, hii ndo inaangusha watu wengi, ni kama umemwaga maharage kwenye sakafu ya saruji. Na kuna mbuga, udongo mweusi, kiangazi ni mgumu poa tu unapita, ila mvua ikinyesha usitafute tairi yake, hamna, unashuka unabeba baiskeli begani kama wenzako.

Hatua ya 2: soma namba ya ubavuni

Hapa niliwahi kuaibika. Shemeji alinituma tairi ya 26, nikanunua ya 26, kufika nyumbani haiingii kwenye rimu hata kwa dawa. Kumbe 26 ziko zaidi ya moja. Ile ya baiskeli ya gia inaandikwa kwa nukta, mfano 26 x 1.95, na ile ya baiskeli nyingine za mtumba za mjini inaandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8, na hizo mbili hazibadilishani kabisa.

Dawa yake ni kutafuta namba nyingine ndogo iliyoandikwa kwa milimita, mfano 50-559. Hiyo 50 ni upana, 559 ni kipenyo cha pale tairi inapokalia kwenye rimu, na hiyo ya pili ndo haina mjadala. Baiskeli ya gia ya 26 ni 559, ya 27.5 ni 584, ya 29 ni 622. Ile 26 x 1 3/8 iliyonitia aibu ni 590. Na ukitaka kumchanganya mtu kijiweni mwambie baiskeli ya Phoenix, yenye tairi ya 28 x 1 1/2, ina rimu kubwa kuliko baiskeli ya 29, atabisha mpaka kesho, ila ni kweli, Phoenix ni 635.

Kwa hiyo piga picha ubavu wa tairi yako ya zamani kwa simu, nenda nayo dukani, basi.

Hatua ya 3: upana

Kwa mchanganyiko wa lami na vumbi kaa kati ya 1.75 na 2.1. Chini ya 1.5 kwenye luseni unalima. Juu ya 2.25 utafika ofisini umelowa jasho, na pengine haitapita kwenye fremu. Pima nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu pamoja na foku, pande zote iachie milimita 6 hivi, kwa sababu tope likigandamana na rimu ikipinda kidogo tairi inaanza kusaga fremu. Kama una madigadi pima na hapo.

Hatua ya 4: kashata, na hapa ndo penyewe

Kashata ni yale meno ya tairi. Zikiwa kubwa na zimeachana zinafanya kazi kwa kuchimba. Kwenye udongo laini zinang'ata, safi. Kwenye lami hamna cha kuchimba, kwa hiyo baiskeli inasimama juu ya vijimeno vichache badala ya mpira mzima, utasikia vuuuuu njia nzima, miguu inachoka bure na meno ya katikati yanaisha haraka. Hiyo ya kelele na uchovu unaweza kuvumilia, mbaya ni kona. Mimi nilikuwa nimefunga kashata za trekta mbele na nyuma, nashuka Capri Point lami kavu kabisa, nikalala kona kwa spidi niliyozoea, meno ya pembeni yakajipinda na tairi ya mbele ikahama. Sikuvunjika, ila kiwiko kina alama mpaka leo na suruali ilikuwa mpya.

Kitu kingine watu hawaamini: kukosa michoro sio kunakoifanya tairi laini iteleze kwenye lami yenye maji. Gari linahitaji mifereji ya kutoa maji kwa sababu tairi lake ni pana na linakwenda mbio, tairi ya baiskeli ni nyembamba na ya mviringo, inayapasua maji yenyewe kwa spidi zetu hizi. Kinacholeta shida ni tairi iliyoisha ikawa kipara, mpira umekonda, umekauka, nyuzi ziko karibu kutoka. Kipara cha kuzaliwa na kipara cha uzee ni vitu viwili tofauti.

Sasa unachotafuta ni tairi ya kati: katikati meno mafupi yamebanana au mstari ulioungana, pembeni meno yamesimama. Ukienda wima kwenye lami unakanyaga ule mstari, ukiingia vumbi ukalala kwenye kona yale ya pembeni yanashika. Kampuni ya tairi ya Schwalbe wana tairi inaitwa Land Cruiser imechorwa hivyo hivyo, ukiiona kwa picha utaelewa mchoro wenyewe, kisha tafuta inayofanana nayo kwa mfuko wako.

Alafu ndo tunakuja kwenye mbele na nyuma. Tairi ya nyuma ikiteleza unatingishika, unaweka mguu chini, unaendelea. Ya mbele ikiteleza umeshalala. Kwa hiyo mbele nafunga yenye meno zaidi na pana kidogo, 2.1, na nyuma nafunga nyepesi ya mstari, 1.95, maana nyuma ndo imebeba uzito mwingi na ndo inasukuma, ukiweka meno huko unalipa kila ukikanyaga pedeli. Kama njia yako ni lami 9 kwa 10, weka za mstari zote mbili usijitese. Kama ni vumbi nusu au zaidi, weka za meno ya kati zote mbili. Sisi wa katikati ndo tunachanganya.

Hatua ya 5: ukiwa dukani

Ikunje tairi kwa mikono uangalie ubavu, ukiona nyufa ndogo ndogo hiyo imekaa juani sana, rudisha, hata kama muuzaji anakwambia ni vumbi tu. Kwa za mtumba pitisha kidole ndani taratibu, kuna miiba na vyuma vimebaki, usipovitoa vitatoboa tyubu mpya siku ya kwanza. Kisha uliza kama ina utepe wa kuzuia miba chini ya mpira. Inaongeza uzito, ila kwa mbigiri zetu na miba ya migunga pembezoni mwa njia mi naona bora uzito kuliko kupiga kiraka mara mbili kwa siku.

Hatua ya 6: kufunga na kujaza upepo

Angalia mshale ubavuni, ndo upande wa kuzunguka. Tia upepo kidogo kwenye tyubu ipate umbo kabla ya kuingiza, kisha pandisha tairi kwa viganja, malizia na vijiko vya plastiki vya kupandishia tairi, sio bisibisi, bisibisi inabana tyubu na kuitoboa hata hujatoka uani. Ikishaingia izungushe uone ule mstari wa chini ya ubavu umekaa sawa na rimu pande zote.

Upepo ndo watu wanaharibu tairi nzuri. Kwa mtu wa kilo 70 hadi 75, tairi ya 1.95 hadi 2.1, mi naanza na PSI (kipimo cha presha ya upepo) 40 mbele na 45 nyuma siku za lami. Nikienda Bujora natoa, 30 mbele na 35 nyuma, na tofauti utaisikia mikononi. Usishuke sana, ukigonga jiwe tyubu inabanwa na rimu unapata matundu mawili pacha kama meno ya nyoka. Ukiwa mzito au umebeba mzigo ongeza nyuma, ila usivuke namba ya mwisho iliyoandikwa ubavuni. Kubonyeza kwa kidole gumba sio kipimo, tafuta pampu yenye mshale wa kuonyesha presha. Na kwenye kompresa za kujazia bodaboda simamia mwenyewe, tairi yetu inabeba upepo mdogo kwa hiyo presha inaruka haraka, sekunde chache tu paa, watu wote wanageuka.

Hatua ya 7: ikianza kuisha

Ya nyuma itaisha kwanza. Usinunue mpya ukaiweka nyuma ukaacha nzee mbele. Hamisha ya mbele iende nyuma, mpya ifungwe mbele. Kwa tairi zangu za mchanganyiko hii ina maana natembea na meno nyuma kwa muda mpaka yalainike, kidogo inakera kwenye lami ya Mkolani, lakini huwa nahamisha kabla ya vuli, na mvua zikianza Buhongwa ndani huko nayahitaji hata hivyo.