Plau ya diski: lini uilete shambani, dereva umsimamie vipi, na lini uiache

Wakulima wenzangu, hasa nyie wa Kiteto, Kongwa, Hanang na kote tunakokodi trekta kwa heka, mvua zikikaribia kila mtu yuko mbioni anatafuta trekta, na ikifika imebeba diski tatu nyuma tunaona kazi imekwisha, tunalipa hela tunarudi nyumbani. Mi nimelima hivo misimu mingi. Nnachowaambia leo ni kwamba plau ya diski ni chombo cha kufungulia ardhi, sio chombo cha kupitisha kila mwaka kwa kina kilekile, na hata ukiitumia lazima uwepo shambani mwenyewe na kijiti mkononi.

Kwanza uelewe inavofanya kazi maana faida na hasara zote zinatokea hapo. Plau ya ng'ombe ina ulimi, ule ulimi unajivuta wenyewe kuingia chini. Diski haijivuti. Ni sahani ya chuma iliyobonyea katikati, upana wake kama sentimita 60 hadi 70, imekaa upande kwa nyuzi 42 hadi 45 ukilinganisha na njia ya trekta, alafu imelala kidogo kwa nyuma nyuzi 15 hadi 25, inazunguka huku inakata. Kinachoizamisha ni uzito wake, ndo maana plau ya diski ni zito balaa na ndo maana unaona madereva wengine wanaifunga mawe au vyuma juu. Na kwa sababu inazunguka, ikikuta kisiki au jiwe inapanda juu inavuka inashuka upande wa pili, wakati plau ya ulimi ingenasa pale na kukatika.

Kwahiyo shamba jipya lenye mizizi na visiki vilivyobaki, diski ndo yenyewe. Shamba la mawe, diski. Udongo mweusi wa mbuga ule unaonata kama ugali kwenye ulimi wa plau mpaka unashindwa kusogea, diski inapita kwasababu inazunguka na ina kile kibati cha kukwangua udongo. Ardhi kavu iliyokaza kabla ya mvua, diski inavunja ambapo plau ya ulimi inateleza juu tu. Wazee wa Kongwa wanaujua ule udongo, ndo uleule uliowashinda Waingereza na mradi wao wa karanga kuanzia 1947 mpaka wakauacha 1951, kiangazi unakauka unakuwa kama saruji. Kwa ardhi ya hivo siwezi kumwambia mtu asiite diski mwaka wa kwanza.

Sasa kabla hujapiga simu kwa mwenye trekta, nenda shambani na jembe. Chimba mpaka sentimita 15, chota udongo wa chini, sio wa juu, ufinyange mkononi. Ukitengeneza kamba ndefu kama tambi bila kukatika, udongo una maji mengi, ahirisha, hata kama jirani analima leo. Ukifanya donge alafu ukilibonyeza na kidole gumba linapasuka vizuri, ita trekta siku hiyohiyo. Ukishindwa kabisa kufanya donge, ni kavu, diski italima lakini itakutolea madongo makubwa kama vichwa vya watu na utalipia haro mara mbili tatu kuyavunja. Hiki kipimo nakisisitiza kwasababu mi mwenyewe msimu mmoja nilikubali kulimiwa siku ya pili baada ya mvua kubwa, dereva alikuwa na haraka ya kwenda kwa mwingine na mimi nikaogopa kupoteza zamu, yale matope yalivyokauka yalikuwa matofali, mahindi yakaota kwa mabaka na ile sehemu ilinisumbua misimu miwili.

Trekta ikifika, usikimbilie kuonyesha mipaka, kagua plau kwanza ikiwa imenyanyuliwa juu (usiingie chini yake, simama pembeni, na trekta izimwe). Zungusha kila diski kwa mkono. Inatakiwa izunguke laini, ikikwama au ikicheza cheza beringi imekwisha na hiyo diski itakuwa inaburuza tu badala ya kukata. Angalia makali, diski iliyoliwa mpaka imebaki ndogo kuliko wenzake haifikii chini, utabaki na mistari ambayo haijalimwa chini ya udongo uliotupwa juu yake, kwa macho shamba linaonekana jeusi lote lakini majani yatakuambia ukweli baada ya wiki mbili. Angalia vibati vya kukwangua vipo. Angalia lile gurudumu la chuma la nyuma linalotembea mtaroni, lile ndo linazuia plau isisukumwe pembeni, likilegea trekta inavutwa upande na dereva anakuwa anapigana na usukani siku nzima.

Nguvu ya trekta nayo uiulize. Hesabu ya haraka ni hosi pawa 20 hadi 25 kwa kila diski, kwahiyo diski tatu zinataka trekta ya kuanzia 60 au 70 hivi kwenda juu. Trekta dogo likifungwa diski nne litalima, lakini dereva atanyanyua haidroliki (ile mikono ya trekta inayoinua plau) ili injini isizidiwe, na wewe ndo utakayelimiwa juu juu.

Hapo ndo kwenye ugomvi wenyewe: kina. Kata kijiti, weka alama sentimita 20 na 25. Dereva akipiga mizunguko miwili mitatu msimamishe, simamisha kijiti kwenye sakafu ya mtaro usome usawa wa ardhi ambayo haijalimwa. Usipimie kwenye udongo uliotupwa, ule umevimba utakudanganya. Kama uko 10 au 12 umekwaruziwa, mwambie arekebishe. Linki ya juu ya kati (ule mkono unaounganisha plau na trekta kwa juu) ikifupishwa diski ya mbele inakula zaidi, ikirefushwa ya nyuma inakula zaidi, lengo ni fremu ikae sawa zote zizame kina kimoja. Kama udongo ni mgumu diski zisimamishwe wima zaidi kidogo, zinauma vizuri kuliko zikilala. Bado haizami? Hapo ndo uzito unaongezwa.

Na mwendo pia. Trekta ya kulima inatembea kama mtu anayetembea haraka, kilomita 5 au 6 kwa saa. Piga hesabu: diski tatu zinakata upana kama sentimita 90, kwa kilomita 6 kwa saa heka moja inachukua dakika 45 bila kugeuza hata mara moja, ukiweka kugeuza inafika saa nzima. Dereva aliyekumalizia heka kwa dakika 25 hajakulimia, amekutembelea.

Kitu kingine wengi hatukiangalii ni kwamba diski inatupa udongo upande mmoja tu, kulia. Ukianzia katikati ya shamba kila mwaka unazungushia udongo unakusanyika katikati, pembeni panabaki mitaro, miaka minne mitano unakuta shamba lina mgongo katikati na maji yote yanakimbilia mipakani. Kwahiyo kama mwaka jana alianzia katikati mwaka huu aanzie pembeni kuingia ndani. Shamba la mteremko alime kukatisha mteremko, asipande na kushuka hata kama anakuambia hivo ni rahisi kugeuza, maana ile mitaro ya kushuka mvua ya kwanza tu inageuka makorongo. Kwa mashamba ya mpunga mi siipendi kabisa hii plau, inaacha vilima na mashimo alafu kusawazisha jaruba ni kazi ya wiki.

Hasara kubwa kuliko zote haionekani juu. Mwaka wa kwanza mavuno mazuri, wa pili mazuri, wa nne wa tano mahindi yanaanza kunyauka mapema jua likikaa siku kumi tu, na mvua ikinyesha maji yanasimama. Unaongeza mbolea, wapi, haisaidii. Kumbe uzito wa plau na tairi la trekta linalotembea mtaroni, kila mwaka kina kilekile, vimeshindilia sakafu ngumu chini pale diski inapoishia, mizizi haipiti na maji hayapiti. Kupima ni rahisi: ng'oa pamba, alizeti au mbaazi taratibu, ukiona mzizi mkuu umeshuka alafu umekata kona kama herufi L, hiyo ndo sakafu. Au subiri mvua ilowanishe ardhi vizuri, chukua nondo nyembamba uisukume kwa mkono, itaingia laini mpaka kwenye sentimita 15 au 20 hivi ikwame, ukiisukuma sana inapenya alafu inakuwa laini tena.

Ukiikuta sakafu usimwite mtu wa diski, atakuongezea. Hapo inatakiwa ripa au lile jino refu la kupasulia chini, lipite sentimita 5 hadi 10 chini ya tabaka gumu, na hii kazi inafanyika ardhi ikiwa KAVU ili ipasuke, ukipasua ikiwa mbichi jino linakata kama kisu kwenye sabuni alafu pale pale panajifunga. Mwenye ng'ombe asijione ameachwa, kuna ripa ya Magoye ilitoka Zambia inafungwa kwenye mti wa plau yake ya kawaida. Unapasua mistari tu kwa nafasi ya kupandia, sentimita 75 au 90, katikati hupagusi, mabua yanabaki juu kufunika udongo. Alafu pandia mbaazi au ngwara kwenye mahindi, mizizi yake inakusaidia kuendeleza kupasua huko chini.

Shamba lenye sangari au ndago nalo liangalie mara mbili. Diski inazikata vipande vipande na kila kipande chenye jicho kinaota, inakuwa umelipa hela upandiwe magugu. Kama huna namna, lima kiangazi kikali mizizi ipigwe jua wiki kadhaa kabla ya haro.

Mi sasa hivi diski naiita sehemu mpya nnayofungua, au pale palipoharibika sana, kwenye heka za zamani napasua kwa ripa kuanzia mwezi wa tisa ardhi ikiwa kavu, wakati madereva hawana foleni na bei inazungumzika. Na kwa kazi ya diski, ukienda kuongea na mwenye trekta mwezi huo mwambie kabisa utalipa nusu kabla na nusu baada ya kijiti kusoma 20, mkubaliane hivo mapema kabla trekta haijaingia shambani.