Namna ya Kuuelewa Mji wa Conwy kwa Kutembea

Ukitaka kuuelewa mji wa Conwy, ulioko pwani ya kaskazini ya Wales, anzia gatini, kwenye ukingo wa magharibi wa mlango wa mto, na ikiwezekana ufike maji yakiwa yamekupwa, ili uone jinsi aliyeushika mwamba wa ngome alivyoweza kudhibiti kivuko pamoja na vyombo vilivyoingia kutoka baharini.

Kisha nenda kanisa la Mtakatifu Maria. Wengi hulipita wakikimbilia ngome, nami nasikitika, kwa sababu hapo ndipo ilipokuwa monasteri ya Wasitoo, shirika la watawa wa Kikatoliki, iliyofadhiliwa na mtawala wa Wales, Llywelyn Mkuu, aliyezikwa humo mwaka 1240. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alipoiteka nchi hiyo mwaka 1283, aliwahamishia watawa Maenan, upande wa juu wa mto, akajenga ngome yenye minara minane na kuleta walowezi wa Kiingereza.

Mwishowe panda ukuta wa mji, wenye urefu wa kilomita 1.3 na minara 21, hasa karibu na Lango la Juu, ambako mpango wote wa mji na ngome unaonekana. Vaa viatu visivyoteleza.