Ndoo ya mwani juu ya tangi la maji chumvi
Kwa mnaofuga samaki wa bahari hapa Malindi: ndoo ya plastiki ya lita 20 yatosha kukuzia mwani wa kufyonza uchafu wa tangi. Iweke juu kuliko tangi, maji yarudi yenyewe. Toboa karibu na mdomo, ufunge hapo kiungio cha bomba la kurudisha maji, cha inchi 1 chenye washa za raba. Usizibe kwa gundi ya silikoni, haishiki vizuri plastiki ya ndoo. Itabanduka na maji yamwagike sakafuni. Mpira wa pampu inayopandisha maji kutoka tangini hadi ndooni uwe wa nusu inchi, ncha yake ibaki juu ya maji. Ukiizamisha, stima ikipotea maji yatavutwa kurudi tangini hadi lifurike. Taa ya ndoo iwake usiku, ya tangi ikizimwa. Mwani usichume ndani ya Hifadhi ya Bahari, ni marufuku; nao uupunguze kabla haujaziba tundu.