Kuchagua kebo ya mtandao wa nyumbani: kagua shaba kabla ya namba

Ukiingia duka lolote la vifaa vya mtandao kule Luthuli Avenue, Nairobi, utaulizwa unataka Cat ngapi, yaani kebo ya daraja gani. Jibu la swali hilo ni fupi na liko katika hatua ya 2. Kinachoharibu kazi nyingi si namba hiyo. Ni kebo iliyoandikwa Cat6 kwenye ganda, kumbe nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba juujuu. Ikishazikwa ukutani, plasta ikakauka na rangi ikapakwa, kuitoa ni gharama kuliko kebo yenyewe.

Mfano wetu ni mezoneti ya vyumba vitatu vya kulala, kuta za mawe na slebu ya zege katikati. Slebu hiyo ndiyo inayoua Wi-Fi ya ghorofani, na ndiyo sababu ya kupitisha kebo.

Hatua ya 1: Hesabu pointi, kisha mita

Chagua mahali pamoja pa kuweka swichi, yaani kifaa cha kugawa mtandao, karibu na kisanduku cha faiba, penye soketi ya stima na hewa ya kutosha. Chini ya ngazi panafaa. Jikoni hapafai kwa sababu ya mvuke na mafuta. Kila pointi ipate kebo yake moja kwa moja kutoka hapo. Fundi wa stima aliyezoea kurukia kutoka soketi hadi soketi atataka kufanya vivyo hivyo na kebo hii. Mwambie mapema, maana mtandao haufanyi kazi hivyo.

Ndani ya nyumba weka 2 nyuma ya televisheni, 2 kwenye meza ya kazi, 1 kila chumba cha kulala, na 1 darini kila ghorofa kwa kifaa cha Wi-Fi. Jumla 9. Kwa wastani wa mita 15 kila moja ni mita 135. Kwa kila kebo ongeza mita 1 upande wa swichi na sentimita 30 ndani ya kila boksi la ukutani, unafika 147. Boksi la kebo lina mita 305, yaani futi 1,000, kwa hiyo nusu itabaki. Kama jirani naye anajenga, nunueni moja mgawane.

Nje, kamera 4 na kengele ya geti zitahitaji kama mita 105 za kebo ya aina nyingine. Tutaifikia.

Hatua ya 2: Cat ngapi?

Cat6, isiyo na kinga ya foili, yaani UTP. Basi.

Cat5e hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na hata gigabiti 2.5 kwa vifaa vipya. Kama nyumba tayari ina Cat5e ya shaba safi, usiing'oe. Cat6 ina nyaya nene kidogo na hubeba gigabiti 10 hadi mita 55 hivi, umbali ambao nyumba ya kawaida haiufikii. Cat6A hufikisha kasi hiyo hiyo mita 100, lakini ni nene, ngumu kukunja, na hujaza paipu haraka.

Cat7 iache dukani. Viwango vya Marekani vya TIA havijawahi kuitambua, na kiwango chenyewe kilikusudia viunganishi tofauti na RJ45, ile plagi ya kawaida ya kebo za mtandao, hivyo kebo ya "Cat7" yenye plagi ya RJ45 inakuuzia maandishi tu. Cat8 ni ya vyumba vya seva, mwisho mita 30. Kuhusu kinga ya foili: isipounganishwa na ardhi ipasavyo haikusaidii kitu, na nyumba nyingi hazina mahali pa kuiunganisha.

Hatua ya 3: Kagua shaba

Hapa ndipo pa kutumia muda. Omba kipande cha mita moja kabla ya kulipa, kisha fanya haya.

Soma ganda. Unatafuta 23AWG au 24AWG (AWG ni geji, kipimo cha unene wa waya), 4PR (jozi nne za nyaya zilizosokotana), na alama za mita zinazoendelea. Namba ndogo ya AWG ni waya mnene zaidi. Ukiona CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba, umeshapata jibu. Kutoiona si ushahidi wa chochote, kwa sababu wino ni rahisi kuliko shaba.

Chukua waya mmoja, ukwangue kwa wembe kwa urefu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukitokea weupe, hiyo ni alumini. Ukunje huku na huku mahali pamoja: alumini hukatika mapema, shaba huvumilia. Pitisha sumaku pia; ikinata, ndani ni chuma.

Pima uzito kwa mkono. Shaba ndani ya boksi zima la geji 23 ni karibu kilo 5 na nusu; alumini iliyopakwa shaba haifiki hata kilo 3. Wapagazi wanaobeba maboksi haya River Road wangekueleza tofauti bila kufungua.

Kipimo kisichodanganyika ni cha multimita. Kata mita 30, sokota pamoja nyaya mbili za jozi moja upande mmoja, pima upande wa pili. Gusanisha kwanza ncha za multimita uone zinasoma ngapi, kisha toa. Shaba ya geji 23 itasoma karibu omu 4, ya geji 24 karibu omu 5. Kiwango kinaruhusu omu 9.38 kwa kila waya wa mita 100, ambayo kwa mzunguko wa mita 30 ni omu 5.6. Ikizidi hapo, rudisha. Alumini ya geji 23 husoma zaidi ya 6.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu kamera na vifaa vya Wi-Fi vya darini hupata umeme kupitia kebo hii hii, wati 15 hadi 30 kutoka kwenye swichi. Ukinzani mkubwa hula volti njiani na kuzigeuza joto. Dalili yake mafundi wanaijua: kamera inafanya kazi mchana kutwa, usiku taa zake za infraredi zinapowaka inazima na kujiwasha tena, kila dakika chache. Watu hubadilisha kamera mara mbili kabla ya kuishuku kebo.

Hakikisha pia kila waya ni mmoja mzima, si nyuzi nyingi laini. Ile ya nyuzi ni ya vipande vifupi kutoka soketi hadi kompyuta.

Hatua ya 4: Ganda la nje

Ganda la kawaida la PVC hupasuka likikaa juani. Kwa kamera na geti nunua kebo nyeusi yenye ganda la polithini, na inayopita ardhini iwe ile yenye jeli ndani. Paipu ya ardhini huingia maji hata ikiunganishwa kwa gundi vizuri, na maji hayo hayatoki.

Kwenda SQ (nyumba ya mfanyakazi) iliyojitenga, tumia faiba badala ya shaba. Radi za masika zikipiga karibu, kebo ndefu ya shaba kati ya majengo mawili huleta mshtuko hadi kwenye swichi. Faiba haipitishi umeme.

Hatua ya 5: Paipu

Paipu ya milimita 20 ni ya kebo 2 za Cat6, ya milimita 25 ni ya kebo 4. Zaidi ya hapo unavuta kwa nguvu, na nguvu ikizidi nyutoni 110, sawa na uzito wa kilo 11 hivi, misokoto ya ndani huharibika ingawa kwa nje huoni kitu. Kunja paipu kwa springi badala ya kutumia elbo kali, na pasiwe na kona zaidi ya mbili kati ya boksi na boksi. Acha waya wa kuvutia ndani ya kila paipu.

Usichanganye na stima kwenye paipu moja, hata kama fundi anasema nafasi ipo. Zikienda sambamba ziachane sentimita 20. Zikipishana, zipishane kwa pembe mraba. Piga picha za kuta zote pamoja na futi ya kupimia kabla ya plasta.

Hatua ya 6: Kufunga ncha

Ukutani malizia kwa soketi ya RJ45, si plagi. Tumia mpangilio wa T568B pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifungue msokoto zaidi ya milimita 13. Kona ndani ya boksi isiwe kali kuliko mara nne ya unene wa kebo, karibu sentimita 2 na nusu. Boksi la kina kifupi litakunyima nafasi hiyo, kwa hiyo nunua la kina.

Kwa kamera utahitaji plagi. Plagi ya Cat5e haipokei vizuri nyaya za geji 23. Ukizilazimisha, moja hubaki nyuma bila kugusa pini.

Hatua ya 7: Pima

Kipimaji cha taa nane huonyesha tu kwamba waya umefika. Fundi aliyepanga rangi kwa jozi zilivyo, chungwa zote, kijani zote, buluu zote, kahawia zote, pande zote mbili, atapata taa nane safi na mtandao unaokwama, kwa sababu pini 3 na 6 lazima zitoke jozi moja.

Unganisha kompyuta mbili zenye gigabiti 1 na uendeshe iperf3, programu ya kupima kasi. Kiungo kizuri husoma karibu megabiti 940 kwa sekunde. Kikisimama karibu na 94, yaani kiungo kimeshuka hadi kasi ya 100, anza na jozi ya buluu na ya kahawia: kasi ya 100 hutumia nyaya nne tu, za chungwa na kijani, kwa hiyo moja ya zile nyingine haijagusa. Kata ncha, funga upya, pima tena. Tatizo likibaki baada ya kufunga pande zote mbili, kebo imeumia ndani ya paipu. Funga mpya kwenye ncha ya ile mbovu na uvute zote kwa pamoja, ya zamani ikitoka mpya ikiingia.