Wanga kwenye pakiti: usitoe nyuzinyuzi mara mbili

Chukua maharage makavu, aina moja, yauzwe Minneapolis na yauzwe Leicester. Ukiyapigia hesabu kwa gramu 100, pakiti ya Marekani itakupa wanga wa gramu 63 hivi, na ya Uingereza kama 47. Hakuna aliyedanganya. Hizo gramu 16 ni nyuzinyuzi, sehemu ya mmea ambayo mwili hauigeuzi kuwa sukari: sheria ya Marekani inazihesabu ndani ya wanga, ya Ulaya inaziweka kando.

Anayekula akashiba akaenda zake halimsumbui hili. Lakini mwenye kisukari anayepima insulini kwa gramu za wanga anapaswa kulijua kabla ya kupanda ndege. Wengi waliofundishwa Marekani au Kanada wamezoea kutoa nyuzinyuzi kwenye jumla ya wanga, ili wabaki na ule unaogeuka kuwa sukari mwilini. Kule hesabu hiyo inaeleweka. Ukihamia Uingereza, Ujerumani au Uswidi ukaendelea nayo, unatoa kilichokwisha kutolewa: 47 inakuwa 31, na sindano inapungua. Ukitoka Ulaya kwenda Marekani, mambo yanageuka. Unaisoma 63 yote kana kwamba ni ya Ulaya, na dozi inaweza kuzidi. Mimi naogopa zaidi hili la pili, maana sukari ikishuka ghafla haikupi muda wa kujiuliza. Isitoshe, si wahudumu wote wa Marekani wanaowaambia wagonjwa watoe nyuzinyuzi. Kwa hiyo ukifika nchi mpya, mwambie daktari au muuguzi wako ulikuwa unahesabu vipi, usimwambie tu ulikuwa unachoma yuniti ngapi.

Lebo zenyewe zinajitambulisha kwa sura. Ya Marekani ina mstari mnene wa "Total Carbohydrate", na chini yake, zikiwa zimesogezwa ndani kidogo, nyuzinyuzi, sukari zote, kisha sukari iliyoongezwa kiwandani. Mstari huo wa mwisho uliletwa na kanuni za mwaka 2016, na kiwango chake cha siku kimewekwa gramu 50. Ya Ulaya, kwa kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, inataja wanga na sukari iliyomo. Nyuzinyuzi zikitajwa zinakuwa na mstari wao, lakini mtengenezaji halazimiki kuzitaja. Jedwali hilo lilikuwa lazima kuanzia Desemba 2016, na Uingereza imeendelea nalo hata baada ya kujitoa kwenye Umoja wa Ulaya. Usitafute humo sukari iliyoongezwa, haitajwi peke yake. Soma orodha ya viambato.

Jambo lingine ni kipimo. Ulaya lazima waandike kwa gramu 100 au mililita 100, na hapo unalinganisha pakiti mbili dukani bila kalamu. Marekani wanaandika kwa mlo mmoja, na mlo mmoja wa unga wa mahindi kwao ni gramu 30. Sijui ni nani anayesonga ugali wa gramu 30. Namba ndogo isikufurahishe. Gawa kwa uzito wa mlo, zidisha kwa 100, ndipo ulinganishe.

Nguvu ya chakula inahesabiwa karibu sawa pande zote mbili. Gramu moja ya wanga ni kilokalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Ni urithi wa kazi ya mkemia Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19. Ulaya wanaandika pia kilojuli, na gramu ya wanga ni kilojuli 17. Ukiona 1,500 kwenye pakiti usishtuke, gawa kwa 4.2 utapata kilokalori. Nyuzinyuzi nazo Ulaya hupewa kilokalori 2 kwa gramu, kwa kuwa bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na mwili ukafaidi kidogo.

Penye mtego ni biskuti na chokoleti "zisizo na sukari", zile watu wanazowanunulia wazazi wenye kisukari wakija kutembea. Utamu wake mara nyingi ni polioli, vitamu vinavyotumika badala ya sukari: maltitoli, sorbitoli, zailitoli. Sheria ya Ulaya haiziiti sukari, ila inazihesabu ndani ya wanga, na kila gramu inapewa kilokalori 2.4. Ndiyo maana mstari wa sukari unaweza kusoma sifuri huku wanga umefika 60. Eritritoli peke yake ndiyo inayopewa sifuri. Polioli zikizidi asilimia 10 ya bidhaa, lazima pakiti ionye kwamba ukila nyingi utaharisha, na onyo hilo ni la kweli. Mzee apewe vipande viwili, asiachiwe boksi.

Kuna vyakula vyetu vingi ambavyo havina jedwali kabisa. Muhogo, ndizi za kupika na viazi vitamu havilazimiki kuwa nalo Ulaya, kwa kuwa ni kiambato kimoja kisichosindikwa. Muhogo mbichi una wanga kama gramu 38 kwa gramu 100, nyuzinyuzi zikiwa humo, na ndizi mbichi za kupika kama 32. Wali unawachanganya wengi: mchele mkavu una karibu 80, ukiiva unashuka hadi 28 hivi, kwa sababu ya maji tu. Jedwali la pakiti kwa kawaida linahusu chakula kama kilivyouzwa, si kilivyoiva.

Kwa ugali, pima unga kabla ya kusonga. Tuseme ni gramu 500 za dona, na lebo ya Ulaya inasema wanga ni 70 kwa 100. Sufuria nzima ina gramu 350. Ugali ukiiva, upime wote. Ukiwa na gramu 1,400, kila gramu 100 utakayojipakulia ina wanga wa gramu 25. Mzani wa jikoni uwe karibu na sahani, si kabatini.